Ini la Mtu Asiyelewa



Mwezi Februari mwaka 2024, katika Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu wasiopungua 17 walipoteza maisha yao baada ya kunywa pombe haramu katika kilabu cha kijijini. Misiba ya namna hiyo jirani zetu wamekwisha kuiona mara nyingi. Lakini huu ulikuwa na jambo lake. Kwa maelezo yaliyotolewa na Serikali ya Kenya yenyewe, pombe ile ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuhifadhiwa kituoni iwe kielelezo cha kesi, kisha ikatoka humo na kurudi kwa wanywaji. Wewe unayesikiliza ukiwa zamu, na ambaye pengine umepata kutia saini daftari la vielelezo, huhitaji kuelezwa uzito wa habari hiyo.

Mwezi Novemba mwaka 2000 ilikuwa mbaya zaidi. Katika mitaa ya maskini ya Nairobi watu zaidi ya 130 walikufa kwa siku chache, na wengine wakabaki vipofu, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Mtu akiinywa, mwili huigeuza kuwa sumu inayounguza mshipa wa macho kwanza, na baadaye roho yenyewe.

Vifo vya namna hiyo huandikwa magazetini, mawaziri huenda mazikoni, na kesho yake msako huanza. Hapana anayelaumu msako. Tunalosema leo ni kwamba mizoga inayoonekana imewafanya majirani zetu, na sisi pamoja nao, tuamini kwamba ubaya wa pombe ni uchafu wake tu. Kwamba ikisafishwa, ikatiwa katika chupa na kubandikwa stempu ya kodi, basi ni salama.

Fikra hiyo ina historia ndefu. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, ili watengenezaji wa vijijini wawe na leseni na pombe yao ikasafishwe kiwandani. Ndipo ilipotokea waragi ya chupa, ambayo jina lake, kama isemwavyo, lilitokana na jini ya vita waliyokuwa wakinywa askari wa Kiingereza. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Miaka 30 baadaye, mwaka 2010, ikaiondolea marufuku hiyo kwa matumaini yale yale: kwamba itapikwa kwa usafi na kuuzwa kwa kipimo. Baadaye vikaja viroba. Sisi tulivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafanya hivyo mwaka 2019.

Hesabu ya kiroba ni rahisi. Kiroba cha mililita 100 chenye nguvu ya asilimia 40 kilikuwa na zaidi ya gramu 30 za spiriti tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu karibu 20. Kwa hiyo kijana aliyemaliza viroba vitatu njiani, bila kuketi, alikuwa amekunywa karibu chupa 5 za bia. Na viroba hivyo vilikuwa safi, vya kiwandani, vyenye nembo.

Ini halisomi nembo. Spiriti ya waragi, ya bia, ya gongo na ya mvinyo wa Ulaya huligusa kwa namna moja. Kazi ya kuiondoa mwilini huangukia ini karibu yote, nalo humudu kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, haliharakishwi kwa kahawa wala kwa kuoga maji baridi. Aliyemaliza chupa yake ya nne saa 4 za usiku, ini lake huenda bado linafanya kazi hiyo paredi inapopangwa saa 12 asubuhi. Wengi miongoni mwa wanywaji wa kila siku hujaa mafuta katika ini. Baadhi yao ini huvimba. Wengine, kiasi cha 10 hadi 20 katika kila 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi, ini huota makovu mpaka likawa gumu na kusinyaa. Wataalamu huita hali hiyo sirosisi. Hapo tumbo hujaa maji, miguu huvimba, macho huwa ya njano, na mgonjwa aweza kutapika damu beseni zima. Kijijini watasema karogwa.

Sasa mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama ni 10 au 20 katika 100, kwa nini huyu na si yule?

Kwanza ni kiasi na miaka. Uchunguzi uliofanywa kaskazini ya Italia kwa watu karibu 7,000 wa miji miwili, na kutangazwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba hatari huanza kupanda mtu akizidi gramu 30 kwa siku, yaani chupa moja na nusu ya bia. Ulionyesha pia kwamba wanaokunywa nje ya wakati wa chakula huumia zaidi kuliko wanaokunywa wakila.

Na hapa ndipo tunapofika kwa yule mtu ambaye kila bwalo linaye. Yule ambaye wenzake huondoka wakiyumba, naye husimama wima, hupiga saluti sawasawa, na kesho yake huhesabiwa shujaa. Huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote mezani. Asiyelewa hakupewa ini la chuma. Ubongo wake umezoea tu, na kwa kuwa umezoea, hunywa mara mbili ya wenziwe. Ini lake nalo limejifunza kuiunguza spiriti haraka, lakini kwa njia ambayo huzaa sumu nyingi zaidi ndani yake. Mlevi anayeanguka baada ya chupa mbili angalau hukomea hapo.

Pili ni mizigo mingine iliyokwisha kuwamo katika ini. Unene na kisukari huzidisha madhara. Wanawake huumia kwa kiasi kidogo kuliko wanaume, na askari wa kike asikubali kulinganishwa chupa kwa chupa na koplo mwenziwe. Wapo pia waliorithi udhaifu huo kwa wazazi wao bila kujua. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea katika fukwe za Ziwa Albert na Ziwa Victoria, nacho huacha makovu yake.

Lakini mzigo mkubwa katika nchi zetu ni homa ya ini ya aina B. Uchunguzi wa Uganda wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta mtu mzima kama 4 katika kila 100 ana virusi hivyo, na wengi wa namna hiyo hawajisikii wagonjwa hata kidogo. Mtu huyo akinywa sana, maadui wawili hulishambulia ini moja. Virusi hivyo hupita katika damu, katika kujamiiana, na toka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Anayebeba majeruhi wa ajali au wa mapigano mikono mitupu aijue habari hii vizuri.

Uganda ililitazama jambo hilo kwa macho makavu. Ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, na mwaka 2015 ikaanza kuwapima na kuwachanja watu wazima bure, ikitangulia na mikoa ya kaskazini iliyoathirika zaidi. Chanjo yenyewe ni sindano tatu katika muda wa miezi sita. Aliyekutwa na virusi hachanjwi tena, lakini ziko dawa za kuvituliza, na huyo ndiye wa kuambiwa waziwazi kwamba pombe si yake.

Ini lenye mafuta tu huweza kurudia hali yake baada ya wiki chache za kuacha kunywa. Hata lililokwisha kuota makovu, mwenyewe akiacha kabisa, mara nyingi huishi miaka ambayo asingeipata. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla peke yake chumbani, maana aweza kupatwa na degedege. Aende kwa mganga wa kikosi, amwambie idadi ya chupa bila kupunguza hata moja.