Dawa za Kibayolojia kwa Pumu Kali: Nafuu ya Miaka na Sharti Lake

Mada hii inatetea hoja moja: dawa za kibayolojia hudhibiti pumu kali kwa miaka, lakini haziiponyi, kwa hiyo anayemwanzishia mgonjwa sindano hizi awe amejipanga kuendelea naye. Mfano wangu ni mepolizumabu. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2007 halikuleta nafuu ya maana, kwani wagonjwa waliandikishwa bila kuangalia aina ya pumu yao. Mwaka 2009, watafiti wa Leicester, Uingereza, na wa Hamilton, Kanada, walichukua wale tu waliokutwa na eosinofili nyingi, yaani seli nyeupe za damu zinazochochea uvimbe katika njia za hewa. Dawa ilikuwa ileile, ila safari hii mashambulio yalipungua. Basi ufanisi wa kudumu huanzia kwenye kumpata mgonjwa anayestahili.

Dawa hii ni kingamwili inayonasa interlukini-5, protini inayouhimiza uboho kukomaza eosinofili. Mgonjwa mzima huchomwa miligramu 100 chini ya ngozi kila baada ya wiki 4. Katika ufuatiliaji ulioitwa COLUMBA, wagonjwa 347 waliitumia kwa wastani wa miaka 3.5, na mashambulio yao yakashuka kutoka 1.74 hadi 0.68 kwa mwaka. Nalo jaribio la SIRIUS la mwaka 2014 lilionyesha kwamba waliokuwa wakimeza steroidi kila siku waliweza kupunguza dozi kwa nusu, kwa kipimo cha mgonjwa wa katikati. Hilo si jambo dogo: steroidi kama prednisoloni inayomezwa miaka nenda miaka rudi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huleta mtoto wa jicho.

Kuna pingamizi zito: katika ufuatiliaji wa aina hiyo hubaki wale walionufaika, na hakuna kundi la kulinganisha nalo. Jibu limo katika jaribio la COMET. Wagonjwa 295 waliokwisha kuitumia kwa angalau miaka 3 waligawanywa kwa kura: wengine wakaendelea, wengine wakachomwa sindano isiyo na dawa bila kujua. Walioachishwa walirudiwa na shambulio mapema zaidi, hatari yao ikiwa juu kwa asilimia 61. Kama nafuu ingekuwa ya uteuzi tu, makundi hayo yangelingana. Wengine watasema wapo wanaoacha wakabaki salama. Ni kweli: katika jaribio la XPORT la omalizumabu, dawa nyingine ya kibayolojia, asilimia 47.7 ya walioachishwa walimaliza mwaka bila shambulio. Lakini kwa walioendelea ilikuwa asilimia 67. Kuachisha kunaweza kujaribiwa kwa uangalifu. Kusiwe mpango wa bajeti.

Hoja ya bei nayo ni ya haki, na ndiyo inayotulazimisha kuhakikisha kwanza kwamba mgonjwa anavuta dawa zake za kawaida kila siku na kwa njia sahihi, kisha kumpima tena baada ya miezi minne na kusitisha sindano pale isipomfaa. Kwa anayefaidika, miaka 3 ni sindano 39. Mpango wowote wa matibabu haya upimwe kwa sindano ya 40: nani ataileta, na nani atailipia.