Kadi Isafiri na Mwenyewe: Upimaji wa Magonjwa ya Zinaa kwa Wafanyakazi wa Ngono wa Barabara ya Mombasa–Malaba

Mada kwa warsha ya waelimishaji rika, wauguzi na maofisa wa afya wa kaunti

1. Utangulizi



Kwa miaka kadhaa nilikuwa muuguzi kando ya barabara kuu, ndani ya kontena la mizigo lililokatwa madirisha na kugeuzwa kliniki. Tulifungua jioni, malori yanapoanza kuegeshwa, na kufunga usiku wa manane. Naomba nianze na jambo dogo lililotokea humo.

Dada mmoja aliingia na begi la safari begani. Alikuwa ametoka Mariakani, akakaa Mlolongo wiki mbili, na sasa alikuwa njiani kuelekea Malaba. Nilimchoma kidole, nikadondosha tone la damu kwenye kile kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende. Mstari wa VVU haukutokea. Wa kaswende ulitokea. Nilipofungua kabati kutoa penisilini, aliitambua chupa kabla sijageuka.

"Sista, hiyo tena? Mariakani nimechomwa. Mlolongo nimechomwa. Haya makalio ni yangu au ya serikali?"

Tulicheka sote wawili, kisha nikamchoma. Mwongozo unanitaka nitibu pale nisipokuwa na ushahidi kwamba ameshatibiwa, na hali ikirudi ileile leo nitafanya hivyohivyo. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kipimo cha haraka cha kaswende hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo kwa watu wengi hubaki mwilini maisha yote hata baada ya kupona. Mstari ule unasema "umewahi kuugua". Hausemi kama unaugua leo. Kinachoweza kusema ni kipimo kingine, RPR, ambacho hutoa namba: namba ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8, tunajua dawa imefanya kazi. Ila ili nijue kwamba imeshuka, lazima niione namba ya kwanza. Namba hiyo ilikuwa Mariakani, ndani ya rejista, chini ya meza ya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Dada huyu hakukosa kupimwa. Alipimwa mara tatu na vituo vitatu, kila kimoja kikianza upya kana kwamba amezaliwa asubuhi ile. Kinachokatika kwa mtu anayehama ni uzi unaounganisha kipimo cha jana, tiba ya leo na kipimo cha kesho. Tumezoea kutunza uzi huo katika kabati la kituo. Mimi nasema autunze mwenyewe.

2. Barabara na watu wake

Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Anayeishi kwa biashara ya ngono katika njia hii huwafuata wateja, na wateja huwapo pale lori linaposimama: penye mizani, penye kituo cha forodha, penye gesti na nyama choma. Mlolongo wenyewe ulipewa jina kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito. Mizani ikihama, au foleni ya mpakani ikipungua, biashara nayo huhama. Kuna wanaoondoka kwa sababu ya polisi, wengine kwa sababu ya kodi ya chumba, na wengine kwa sababu "sura imezoeleka".

Kwa hiyo tunapomwambia, "Rudi baada ya miezi mitatu," tujiulize: arudi wapi?

Tuna funzo la zamani jijini Nairobi. Tangu mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani. Baadhi yao walishangaza dunia kwa kukaa miaka mingi bila kuambukizwa VVU ingawa walikutana navyo mara kwa mara. Habari hiyo ilienea mitaani kama hadithi ya "damu ngumu". Kilichosahaulika ni matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001: baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, na hilo lilihusiana na kipindi walichopunguza kazi au kupumzika. Kinga ile ilikuwa kama moto wa kuni, unaofifia usipochochewa. Nalitaja kwa sababu bado nakutana na dada anayeniambia, "Mimi siambukizwi, nimeshajijua," kisha anakwenda kwao miezi miwili na kurudi barabarani bila kupimwa. Kurudi kutoka nyumbani nako ni safari, na kila safari ianze na kipimo.

3. Kalenda ya mwili na kalenda ya barabara

Kila ugonjwa una saa yake, nayo haiendani na ratiba ya lori. Waelimishaji rika, haya ndiyo ya kushika:

Kisonono na klamidia: kipimo cha vinasaba huaminika kuanzia wiki 2 hivi baada ya tendo. Wanawake wengi wenye maambukizi haya hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo anayengoja kuumwa ndipo apimwe atangoja huku mirija ya uzazi ikiharibika. Sampuli anaweza kuichukua mwenyewe chooni kwa pamba ya kijiti, na jibu ni la kuaminika sawa na la sampuli niliyochukua mimi. Mashine ya GeneXpert, ileile tunayopimia kifua kikuu, hutoa jibu kwa dakika 90 hivi pale penye katriji zake.

Kaswende: kidonda hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi wiki ya tatu. Hakiumi, hujificha ndani, na hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea.

VVU: watu wengi hutoa kingamwili ndani ya wiki 4, lakini jibu hasi halihesabiwi kuwa la mwisho mpaka wiki 12 zipite.

Dawa za dharura za kuzuia VVU, yaani PEP: zianzwe ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Saa 72 ni siku tatu, na siku tatu zinaweza kuisha zote ndani ya safari moja.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Aliyekosa dozi anaendelea alipoachia, haanzi upya. Nimeona kadi za watu waliochomwa dozi ya kwanza mara tatu.

Somo la orodha hii ni moja. Tumfundishe dada ahesabu siku kuanzia usiku kondomu ilipopasuka, wala si kuanzia tarehe tuliyompangia sisi. Akijua hesabu hiyo, ataingia kituo chochote na kusema, "Leo ni siku ya 16." Muuguzi akisikia hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

4. Dawa za njiani

Msafiri anayekuta kliniki imefungwa huenda duka la dawa. Huko anapewa siprofloksasini mbili au vidonge vya rangi mbili, anameza, muwasho unapoa, anapanda gari. Bakteria wa kisonono wameizoea siprofloksasini kiasi kwamba haifai tena kutegemewa. Dalili hupoa, ugonjwa husafiri naye.

Siku hizi wengine huulizia doksisaiklini ya kumeza baada ya tendo, wakisikia kwamba huzuia magonjwa ya zinaa. Kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, tafiti za ng'ambo zilionyesha mafanikio. Kwa wanawake, jaribio lilifanyika hapahapa kwetu, Kisumu, kwa wanawake 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023: maambukizi hayakupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Watafiti walipopima nywele za baadhi yao, walikuta dalili ya dawa katika sampuli 58 kati ya 200. Yaani vidonge vilipokelewa, lakini vingi havikumezwa. Nani kati yetu anashangaa? Chupa ya dawa ndani ya mkoba ina maswali yake, na mteja, mwenye chumba au mpenzi atauliza. Tusimlaumu dada kabla hatujauliza vidonge hivyo alitakiwa avimeze wapi.

Kuhusu wenza, ambao nao wanahitaji dawa, niseme kwa ufupi. Tunaandika karatasi ya kumwita mwenzi, na mwenzi yuko Juba. Karatasi hiyo iwe na jina la dawa na ugonjwa kwa namna ambayo kituo chochote njiani kinaweza kuisoma, bila jina la aliyeitoa.

5. Kinga inayovumilia safari

Vidonge vya PrEP, ambavyo Kenya ilianza kuvitoa kitaifa mwaka 2017, vinafanya kazi vizuri kwa anayevimeza kila siku. Lakini chupa yake hulia kama kayamba ndani ya begi, na wengi huifananisha na chupa ya ARV. Tumejifunza kutoka kwa dada wenyewe kuvihamishia kwenye bahasha ndogo kavu, na kuweka pamba ndani ya chupa isilie.

Kwa mtu wa safari, kinga za muda mrefu zina maana zaidi. Pete ya dapivirini ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, sindano ya kabotegraviri ya kila miezi miwili mwaka 2022, na lenakapaviri ya mara mbili kwa mwaka mnamo Julai 2025. Katika jaribio la lenakapaviri lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, kati ya wanawake 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Sindano haina chupa ya kulia begini. Lakini nayo ina tarehe, na tarehe isiyoandikwa mahali anapoiona mwenyewe itapotea kama ile namba ya RPR. Tena sindano hizi huzuia VVU tu. Kaswende na kisonono havizijui, na kondomu haijastaafu.

6. Kadi, siri na askari

Najua pingamizi dhidi ya mtu kubeba kadi yake mwenyewe. Kuna watakaosema: weka kila kitu kwenye kompyuta, dada aweke kidole, faili ifunguke popote. Wazo la alama za vidole lililetwa nchini miaka iliyopita kwa ajili ya utafiti, na vikundi vya wafanyakazi wa ngono vikalikataa. Walikuwa na sababu. Anayekamatwa leo kwa sheria ndogo za mji, na aliyewahi kuona kondomu zake zikifanywa kidhibiti, hawezi kuamini kwamba kidole chake kitabaki kwa daktari peke yake.

Mwaka 2025 ulitupa sababu ya pili ya mtu kubeba kumbukumbu zake. Januari, ufadhili wa Marekani uliposimamishwa, vituo vingi vya kuwahudumia wafanyakazi wa ngono vilifungwa. Kontena letu lilifungwa kwa kufuli, na rejista zikabaki ndani. Wateja wetu walikwenda hospitali za umma mikono mitupu, wakaulizwa maswali ya mwanzo na mtu asiyewajua, mbele ya foleni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyekuja kupona, na mwenyeji akataka kwanza ajue anafanya kazi gani.

Kadi ya mkononi nayo ina hatari yake. Ikiokotwa gesti, inasema. Kwa hiyo isiwe kadi ya "kundi maalumu". Malawi wananchi hubeba kijitabu chao cha afya kila wanapokwenda hospitali, na kwa kuwa kila mtu anacho, hakimtangazi yeyote. Sisi tuanze na kijitabu cha kawaida cha afya ya uzazi: tarehe, kipimo, jibu kwa kifupi cha kitabibu, dawa na dozi. Kazi ya mtu isiandikwe popote. Asiyetaka karatasi apige picha ukurasa, aufiche kwenye simu kwa nywila.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila anayepimwa aondoke na jibu lake limeandikwa, pamoja na namba ya RPR ikiwa ilipimwa.

Pili, kupima na kutibu kufanyike siku hiyohiyo kila inapowezekana. Jibu la kesho kwa msafiri ni jibu la mtu mwingine.

Tatu, vituo vya njia hii vikubaliane kusoma na kuendeleza kadi za wenzao, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda zikiwemo.

Nne, anayeendelea vizuri na PrEP apewe ya miezi mitatu, na aelezwe kituo kinachofuata njiani.

Tano, saa za kliniki zifuate malori.

8. Maswali ya vikundi

Katika kituo chako, mgeni akifika leo na kadi ya kituo kingine, nani anaisoma, na anaiamini? Je, kuna neno katika fomu zako ambalo usingependa mama yako alisome akiiokota? Na kwa waelimishaji rika: ni dada wangapi unaowajua wanaoweza kutaja tarehe ya kipimo chao cha mwisho bila kumwuliza muuguzi?

Yule dada wa begi nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari: tarehe, penisilini yuniti milioni 2.4, na nafasi tupu ya namba ya RPR, kwa kuwa mimi sikuwa na maabara. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kava la simu. Akasema, "Wakinichoma tena Malaba, nitakurudishia bili." Hajarudi. Natumaini Malaba walisoma.