Dhamana ya Betri ni Deni la Muuzaji

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Mwisenge, Musoma)



Mada ya leo ni betri ya gari, na hasa ile karatasi ndogo inayotolewa pamoja nayo dukani, ambayo wafanyabiashara huiita waranti na wengine huiita dhamana. Huenda mtu akauliza kwa nini walimu waitwe kuzungumzia betri ilhali yapo mambo makubwa zaidi. Jibu ni kwamba heshima ya ahadi katika nchi haipimwi kwa mikataba mikubwa peke yake. Hupimwa pia dukani, pale mwananchi anaporudi na kitu kilichokufa kabla ya siku zake, akiwa ameshika karatasi inayosema kwamba atapewa kingine.

Neno waranti si geni kwa watumishi wa Serikali. Wazee wetu wa kazi wanaikumbuka waranti ya safari. Mtumishi aliyehamishwa au aliyekwenda likizo aliifikisha kwenye dirisha la stesheni, karani akaisoma, na tiketi ikakatwa. Hakutakiwa kuthibitisha upya kwamba anastahili kusafiri, kwa kuwa karatasi yenyewe ilikwisha kusema hivyo. Waranti ya betri imechukua jina lile lile, lakini haikuchukua tabia ile. Anayeionyesha hapati haki yake papo hapo. Ndipo kwanza anapoanza safari ndefu ya kujieleza.

Chukueni mfano wa mwalimu wa hapa Mwisenge. Ananunua betri mpya mjini kwa fedha aliyoidunduliza, na dukani anaambiwa kwa maneno matamu kwamba ina dhamana ya miezi 12. Mwezi wa saba gari linakataa kuwaka asubuhi. Siku ya kwanza majirani wanalisukuma. Siku ya pili fundi anasugua vichwa vya betri, anaichaji usiku kucha, na kesho yake imekufa tena. Mwalimu anairudisha dukani. Anaulizwa risiti. Anaitoa, kumbe maandishi yamefifia, kwa sababu risiti ya mashine ya kielektroniki huchapwa kwa joto juu ya karatasi maalumu, na joto la ndani ya gari huiharibu. Anaambiwa arudi Jumatatu, mhusika amesafiri. Jumatatu anaambiwa kwamba duka hili ni la kuuzia tu, na kwamba betri sharti ipelekwe Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwa gharama yake mwenyewe. Huko inapokewa bila maandishi. Baada ya wiki mbili anapigiwa simu kwamba betri ilichajiwa kupita kiasi, na kwa hiyo dhamana haihusiki. Ilipimwa na nani? Kwa chombo gani? Kikaonyesha namba gani? Hakuna jibu.

Mfano huu haulengi duka fulani wala mtu fulani. Umetolewa kwa sababu kila hatua yake inajulikana na wengi waliowahi kudai haki ya namna hii. Aidha, unaonyesha jinsi haki inavyoweza kupotea bila mtu yeyote kuikataa waziwazi. Hakuna aliyemwambia mwalimu, "Hatukupi." Ameambiwa arudi, apeleke, asubiri. Mwishowe anapiga hesabu ya nauli na siku za kazi alizozipoteza, anaona zinakaribia bei ya betri, anaamua kununua nyingine. Wenye kutoa dhamana za mdomoni wanaitegemea hesabu hiyo.

Isidhaniwe kwamba hasara hiyo ni ya mwenye gari peke yake. Katika mitaa yetu, gari la mtu mmoja ni gari la wagonjwa la mtaa mzima. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wa yule mwenye gari. Betri iliyokufa usiku huo haijui kama kesi yake ingali Mwanza ikisubiri mhusika.

Ni vema kukumbuka tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taabu ilikuwa kuipata betri yenyewe. Fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri viliadimika, na magari mengi yalilala juu ya mawe kwa kukosa kitu kimoja tu. Baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa tena. Leo betri za kila aina na kila bei zimepangwa barazani. Basi taabu imehama. Zamani mwananchi alihangaika kuipata betri. Sasa anahangaika kuirudisha. Wingi wa bidhaa ni jambo jema, lakini haujawa neema kamili kama ahadi zinazouzwa pamoja na bidhaa hizo hazitimizwi.

Yafaa sasa kulitazama jambo lenyewe kitaalamu, maana udanganyifu hustawi pale ujuzi unapokosekana. Betri ya risasi na asidi si muujiza. Ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tabia zake zimejulikana kwa zaidi ya karne moja na nusu. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa zaidi kidogo ya volti 2. Ikiwa nzima, imejaa na imepumzika, mita huonyesha kiasi cha volti 12.6. Iwapo baada ya kuchajiwa vizuri inaishia kwenye volti 10.5 au karibu na hapo, kuna kila sababu ya kushuku kwamba chumba kimoja kimekufa.

Betri zenye vifuniko vya kufungua hupimwa pia kwa haidromita, kile kibomba cha kioo kinachoonyesha uzito wa maji ya asidi. Chumba kilichojaa husoma karibu 1.27. Vyumba vitano vikisoma sawa na cha sita kikawa chini sana, ubaya kwa kawaida umo ndani ya betri. Vyumba vyote sita vikiwa chini kwa kiasi kimoja, huenda betri haina kosa. Inafaa kwanza ichajiwe, kisha alteneta ya gari itazamwe. Injini ikinguruma, alteneta nzima huipa betri kiasi cha volti 14. Ikitoa 12 tu, haichaji. Ikipanda kupita 15, inaikaanga betri. Kwa betri zilizozibwa moja kwa moja, kipo chombo cha kuzitwisha mzigo wa umeme kwa sekunde chache ili kuona kama zinahimili.

Ndugu walimu, hapo ndipo lilipo shina la mazungumzo haya. Swali la nani mwenye kosa, kiwanda au gari, si swali la mabishano. Ni swali la kipimo. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na vyombo vyake vya kawaida vinaweza kuwekwa juu ya kaunta ya duka lolote linalouza betri. Anayeuza nyama ana mizani. Anayeuza kitambaa ana futi. Kwa nini anayeuza betri pamoja na dhamana yake asiwe na mita na haidromita? Dhamana isiyoweza kupimwa mahali ilipouzwa ni maneno ya kuvutia mteja, wala si dhamana.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Si kila betri inayorudishwa ina kosa la kiwanda. Wapo wanaoacha taa zikiwaka usiku kucha. Wapo wanaojaza maji ya bomba badala ya maji safi ya betri, wanaoacha vyumba vikauke, na wanaofunga betri kwa kamba, ikawa inarukaruka juu ya barabara za makorongo hata bamba za ndani zikaachana. Wapo pia ambao magari yao huenda safari fupifupi tu, betri isipate muda wa kujaa. Muuzaji akibadilisha betri hizo zote, atafilisika. Zaidi ya hayo, muuzaji mdogo wa Musoma naye ni mnunuzi. Akimpa mteja betri mpya leo, hana hakika kama aliyemuuzia kwa jumla atamrudishia yeye. Ndiyo maana huona heri kumtuma mteja mbele kuliko kubeba mzigo mwenyewe.

Lakini udhaifu huo wa muuzaji hauwezi kuwa adhabu ya mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inautambua mkataba kuwa ni wa wawili hao, muuzaji na mnunuzi. Mtu akimweleza mfanyabiashara kazi anayotaka bidhaa ifanye, akategemea ujuzi wake, basi, kwa masharti yaliyowekwa na sheria hiyo, bidhaa huhesabiwa kuwa imeuzwa ikiwa na sharti la kuifaa kazi hiyo, hata kama sharti lenyewe halikutamkwa. Nayo Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ilimpa mlaji kinga dhidi ya kupotoshwa, ikaunda Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kwa hiyo neno "nenda kwa wakala" laweza kuwa ushauri, lakini halimwondolei muuzaji wajibu wake. Aliyepokea fedha ndiye wa kwanza kuulizwa.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na kaunta. Mtu hafungi safari na kwenda kushtaki kwa ajili ya betri moja, kama vile hafungi safari kwa ajili ya jozi moja ya viatu. Haki ambayo gharama ya kuidai inapita thamani yake hubaki vitabuni. Hapana budi basi haki hiyo isogezwe mpaka dukani, nalo linawezekana kwa mambo machache yasiyohitaji bajeti mpya.

Kwanza, wauzaji. Kila betri ipimwe mbele ya mnunuzi kabla haijatoka dukani, na namba iandikwe kwenye karatasi ya dhamana pamoja na tarehe na namba ya betri. Betri iliyokaa rafuni kwa miezi mingi bila kuchajiwa hudhoofika, kwa kuwa bamba zake hushikwa na ukoko mgumu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ilitengenezwa lini. Siku ya kurudishwa ipimwe tena mbele yake, na namba iandikwe tena. Ikiwa dai linakataliwa, likataliwe kwa maandishi yenye sababu na vipimo. Ikiwa betri inapelekwa mbali, mwenyewe apewe hati ya mapokezi. Pasipo hati, atadaije kitu ambacho hana ushahidi kwamba alikikabidhi? Tena risasi ni zaidi ya nusu ya uzito wa betri, na hata betri iliyokufa ina thamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Pili, wanunuzi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Risiti itolewe nakala siku ile ile iliponunuliwa na ihifadhiwe nyumbani, isiachwe garini. Masharti ya dhamana yasomwe kabla ya kulipa: ni miezi mingapi, nani anapima, wapi, na betri ya kubadilishiwa itaanza dhamana mpya au itamalizia ile ya kwanza? Mara nyingi humalizia ile ya kwanza, na wengi hugundua hivyo wakiwa wamekwisha kuchelewa. Alteneta ipimwe siku betri mpya inapofungwa, ili baadaye asiwepo wa kusingizia gari.

Tatu, na hili linawagusa watumishi wa umma moja kwa moja, ni magari ya ofisi. Betri ya gari la halmashauri au la shule hununuliwa kwa fedha ya wananchi. Inapokufa ndani ya muda wa dhamana na ofisi ikaagiza nyingine kwa sababu hakuna anayejua karatasi iliwekwa wapi, hiyo ni hasara ya umma, japokuwa hakuna aliyeiba. Mtunza stoo aandike kwenye leja tarehe ya mwisho ya dhamana. Anayeandaa mkataba wa ununuzi aweke sharti kwamba betri itapimwa na kubadilishwa hapa hapa mkoani. Mwananchi mmoja akidai sharti hilo ataonekana msumbufu, lakini ofisi zinazonunua kwa wingi zikilidai, wauzaji watanunua vyombo vya kupimia, na mwalimu mwenye gari moja naye atafaidika.

Ndugu walimu, Mwisenge ni mahali ambapo kijana Julius Nyerere aliingia shule mwaka 1934. Watoto wa hapa wangali wakifundishwa kupima, kuandika walichopima, na kutosema jambo bila ushahidi. Somo hilo ndilo linalotakiwa kaunta ya duka la betri. Mwalimu anayeomba namba badala ya kukubali maneno hatafuti ugomvi. Anamsaidia hata muuzaji mwaminifu, ambaye leo anachanganywa na mlaghai kwa sababu hakuna kipimo cha kuwatenganisha.

Ahadi ni deni. Aliyeandika miezi 12 kwenye karatasi amekopa miezi 12 ya imani ya mwenzake. Na ailipe, au aonyeshe kwa vipimo kwamba hadaiwi.