Jina la Mlimani na cheti cha mhandisi: maneno machache kwa wana Afrika Mashariki wa Sydney



Kila tukikutana hapa Sydney ubishi ni ule ule: nani kasoma chuo cha maana, wa Mlimani au wa Makerere? Wa Makerere wanatutajia 1922, na kwamba Mwalimu Nyerere alipita kwao. Sisi tunajibu kwa Walter Rodney, kwa Shivji, kwa Museveni aliyehitimu Dar 1970. Mimi ni wa Mlimani, na ubishi huo naupenda sana. Lakini haujampatia mtu kazi Parramatta.

Kijana wetu mmoja, mhandisi wa ujenzi kutoka Mlimani, aliniletea makaratasi yake. Ili atambuliwe na Engineers Australia ilimbidi aandike maelezo matatu marefu ya kazi alizofanya, aonyeshe yeye binafsi alifanya nini. Mwenzake wa Cape Town hakuandika hata moja. Je, huyo ana akili zaidi? Hata kidogo. Afrika Kusini iliingia 1999 katika Mapatano ya Washington, ambamo nchi hutambua shahada za uhandisi za wenzao, na Australia imo tangu yalipoanza 1989. Tanzania si mwanachama kamili. Kwa hiyo wa kwetu anapimwa mmoja mmoja, kana kwamba hakutoka chuo chochote.

Rodney alituletea sifa ya mawazo, na tuliistahili. Ila uhandisi ulianza kufundishwa pale Mlimani 1973. Ni zaidi ya nusu karne ya barabara na madaraja, na huku ugenini sifa hiyo haina pa kushika, kwa sababu mfumo wetu wa kukagua mitaala haujapimwa na kukubaliwa na wanachama wenzake. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi na serikali. Inakula miaka, inakula fedha, na hakuna mbunge atakayepigiwa vigelegele kwa ajili yake. Ndiyo maana inahitaji kelele zetu.

Najua mtasema tutawarahisishia vijana kuikimbia nchi. Hoja nzito hiyo, na jibu kamili sina. Lakini kijana niliyemtaja ameshaondoka. Kizuizi hakikumrudisha nyumbani, kilimpeleka kuosha magari.

Rasimu ya barua kwa Bodi iko pale karibu na birika la chai. Someni, rekebisheni, tieni sahihi. Wa Makerere, andikeni yenu kwa Kampala.