Aliye Mbali Bado ni Wetu

(Maneno ya wanafunzi waliosoma nje ya nchi, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Tumesimama hapa kwa niaba ya wana-Nyahanga tuliosoma na wanaoendelea kusoma vyuo vya nje. Mlituchangia. Wengine mliuza mpunga, wengine ng'ombe, wengine mlitoa mlichopata kwenye duara. Hatujasahau. Wabeja sana.

Leo hatukuja kuonyesha vyeti. Tumekuja kusema jambo ambalo tukiwa huko tuliwaficha.

Mwenzetu mmoja aliugua wiki ya pili tu baada ya kufika. Homa, kutetemeka, kichwa kuuma. Akadhani ni baridi ya ugenini. Alikoenda kutibiwa akapewa dawa za mafua. Hakusema ametoka wapi, nao hawakumuuliza. Siku ya tatu wenzake wa bweni walimkuta haongei ya kueleweka. Kumbe ni malaria, aliondoka nayo hapa hapa kwetu. Alilazwa siku tisa. Hapa nyumbani hakuna aliyejua. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Wazee wangehangaika kutafuta hela."

Ndugu zetu, tulijifunza kwa machungu. Kijana akiugua homa ugenini, maneno ya kwanza kwa daktari yawe: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Na akija likizo baada ya miaka miwili, msimwambie kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa na mbu hawamwezi. Kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa mbali. Alale ndani ya chandarua kama mgeni.

Jambo la pili ni kifua. Uingereza humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu kabla ya kupewa viza. Sisi ni watu wa dhahabu. Vijana wetu wengi hutafuta ada kwenye maduara na makarasha, na vumbi la mawe huharibu mapafu na kuurahisishia ugonjwa huo njia. Kijana apime mapema, asisubiri wiki ya safari. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Aliyepima mapema hutibiwa na kusafiri. Aliyechelewa hukosa muhula, na huku nyumbani ameshaambukiza wadogo zake.

La tatu ni bima. Tulipokuwa tukichangishana, tulihesabu ada na nauli, tukasahau bima. Ujerumani chuo hakimsajili mwanafunzi asiye na bima ya afya. Uingereza, tangu Februari 2024, mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya huduma ya afya, na hulipa kabla ya kuondoka. Kamati zetu za safari ziandike bima kwenye bajeti, mstari wa kwanza.

La nne ni usalama. Januari 2020 mji wa Wuhan, China, ulifungwa kwa ugonjwa wa korona, na Watanzania waliokuwa wakisoma huko walikaa ndani zaidi ya miezi miwili. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwemo, walikwama mji wa Sumy hadi mabasi yalipowatoa tarehe 8 Machi. Aprili 2023 risasi zikaanza Khartoum, ambako Watanzania wengi walikuwa masomoni. Serikali yetu iliwatoa kwa barabara hadi Ethiopia, kisha kwa ndege hadi Dar es Salaam. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu ambao haujui kama yupo. Kwa hiyo kijana akifika, wiki hiyo hiyo ajiandikishe ubalozini, na nakala ya pasipoti yake ibaki nyumbani.

La mwisho ni gumu, mtusamehe wazee wetu. Ugenini kuna giza la saa kumi jioni, kuna upweke, kuna mitihani. Katikati ya hayo simu inaita kutoka nyumbani: mdogo wako hana ada, bati limeng'oka, mbona hutumi kitu? Mnadhani aliye Ulaya ana hela. Wenzetu wengine waliruka milo ili watume. Wengine walifanya kazi usiku kupita saa ambazo viza inaruhusu, wakahatarisha masomo. Mmoja aliacha kupokea simu kabisa, mkasema ana kiburi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anaumwa moyoni na anaona haya. Vyuo vingi vina washauri wa mambo hayo, na kwenda kwao si wazimu. Lakini dawa ya kwanza ni sauti ya mama inayouliza, "Umekula?" kabla ya kuuliza pesa.

Ombi letu ni moja. Mwaka huu tuanzishe mfuko wa dharura wa wanafunzi walio mbali. Kila kaya itoe shilingi 10,000, nasi tuliomaliza tutoe 100,000 kila mmoja. Fedha zisipite mkononi mwa mtu: zilipwe moja kwa moja hospitali au shirika la ndege, kwa saini tatu, na hesabu zisomwe hapa kila mwaka. Sisi tutawapigia simu wanafunzi kila mwezi, bila kuwauliza matokeo.

Tulimchangia mtoto aende. Tumchangie pia arudi mzima.