Watoto Wadogo Safarini: Tanga Hadi Mombasa

Msikilizaji wa Tanga, kama likizo hii unaipeleka familia Mombasa kwa gari, siku ya kwanza ndiyo ngumu kwa watoto. Kutoka mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, na mtoto wa miaka miwili huenda akachoka kabla hamjafika Duga. Ondokeni alfajiri, angali na usingizi. Asipakatwe kiti cha mbele hata akiwa ametulia: breki moja ya ghafla humrusha, na mikono ya mama haiwezi kumzuia. Kiti chake kifungwe nyuma.

Mpakani, kila mtoto, hata anayenyonya, anahitaji hati yake ya kusafiria. Nendeni mapema ofisi ya Uhamiaji na cheti chake cha kuzaliwa. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Mwendao Kenya hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Lunga Lunga. Foleni ikirefuka, maji ya kunywa yasikosekane. Na tafadhali, wazazi, msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika moja.

Mkifika Likoni kupanda feri, mshikeni mkono.