Zitambue Kuni Kabla ya Kuziwasha

Kuni zikishapasuliwa hazina jani wala tunda la kukuonyesha mti wake. Lakini mama lishe, zinazo alama nyingine.

Tazama pale shoka lilipopita. Mwarobaini una kiini chenye wekundu, nje yake weupe wa kijivu, na gome lake ni chungu. Mnazi ndio rahisi kuliko yote: hauna pete za ukuaji, umejaa nyuzi nyeusinyeusi. Mvinje ni mzito mkononi, unatoa moto mkali na makaa yake yanakaa. Kwa chungu cha maharage, mimi nauchagua huo. Kuni za mwembe na mkorosho zina utomvu unaowawasha baadhi ya watu ngozi, basi usizishike mbichi kwa mikono mitupu.

Kuna kuni nzito za pwani, magome yake ndani mekundu. Hizo huenda ni mkoko. Misitu ya mikoko imehifadhiwa, na kuikata bila kibali ni kosa. Ufukwe wa Kunduchi na Mbweni unaihitaji izuie mmomonyoko, na samaki wachanga hukulia humo. Muulize muuzaji zimetoka wapi.

Sasa la hatari kubwa. Vipande vya nguzo au mbao vyenye rangi ya kijani ya dawa vinaweza kuwa na sumu ya aseniki. Kuchoma hakuiondoi: hubaki kwenye moshi na majivu. Usivipikie kamwe, na majivu yake usimwage bustanini. Mwambie na jirani yako leo.